Tulipokea mahindi, tukaiacha chokaa

Mazungumzo ya wiki hii redioni yalitokana na barua. Msikilizaji mmoja wa hapa Moshi, mzee mwenye mwandiko mzuri wa shule za zamani, aliniandikia akiwalalamikia vijana. Anasema vijana wa siku hizi wamekuwa watu wa vyakula vya kuviringisha. Leo ni chapati iliyokunjwa na mayai, kesho ni shawarma, na sasa mjukuu wake amekiona chakula cha Meksiko kwenye simu na anataka apikiwe. Mzee anauliza ni kwa nini watoto wetu wanaukimbia ugali, chakula cha mababu, na kukimbilia vya watu. Barua yake ameimalizia kwa methali tunayoifahamu sote, kwamba mwacha asili ni mtumwa.

Chakula chenyewe kinaitwa taco. Msomaji wa gazeti ana bahati, kwa sababu anaiona ile herufi c na kuelewa mara moja kwamba jina ni la kigeni. Msikilizaji wa redio hana herufi. Anasikia sauti tu, na sauti hiyo kwa Kiswahili ni kitu cha kukalia. Nawashukuru walionivumilia hewani, na namwomba mhariri asijaribu kulisanifisha neno hili.

Nataka kumjibu mzee kwa heshima, maana swali lake ni kubwa kuliko alivyodhani. Nitaanza na chakula cha mjukuu, kisha nirudi kwenye ugali.

Taco ni nini? Ni mkate mwembamba wa mahindi, wa mviringo, upana wake kama kiganja kilichokunjuliwa, uliookwa juu ya kikaango kikavu. Wahispania waliuita mkate huo tortilla. Wenyewe, wasemaji wa lugha ya Kinahuatl, waliuita tlaxcalli. Juu yake huwekwa kile kilichopo: maharage, nyama iliyokatwakatwa, samaki, uyoga, na katika sehemu nyingine hata panzi wa kukaanga. Hunyunyiziwa kachumbari ya nyanya na pilipili, hukamuliwa ndimu, kisha mkate hukunjwa na kuliwa kwa mkono. Sahani haihitajiki wala kijiko hakihitajiki, kwa kuwa mkate wenyewe ndio sahani na ndio kijiko. Mtu aliyewahi kumega tonge la ugali, akalibonyeza kwa kidole gumba na kuchotea mchuzi, ameshaielewa nusu ya habari hii.

Sasa mtu atokaye kwetu Shirimatunda akashuka mjini hadi soko la Mbuyuni anaweza kununua vitu vya chakula hicho bila kuulizia duka la wageni. Mahindi yapo kwa magunia. Maharage yapo, tena ya kila rangi. Nyanya zipo, pilipili zipo, parachichi zipo, maboga yapo. Hebu tuvihesabu vitu hivyo sita tena, taratibu. Hakuna hata kimoja ambacho asili yake ni Afrika. Vyote ni mazao ya bara la Amerika, na vingi kati yake vililimwa kwanza Meksiko na nchi zinazopakana nayo. Waingereza wanaposema tomato, avocado na chocolate, wanazungumza Kinahuatl bila wenyewe kujua. Kwa upande mwingine, nyama ya ng'ombe, nyama ya nguruwe, jibini, ndimu na giligilani, ambavyo leo mtu hawezi kuvitenganisha na chakula cha Meksiko, vilipelekwa huko na Wahispania.

Kwa hiyo mzee wangu, mjukuu hakuomba chakula cha ajabu. Ameomba vitu vilevile vilivyomo jikoni kwenu, ila vimepangwa kwa namna nyingine.

Habari ya mahindi yenyewe ni ndefu. Yapata miaka 9,000 iliyopita, katika bonde la mto Balsas, kusini magharibi ya Meksiko, wakulima walianza kuchagua mbegu za nyasi moja ya porini iitwayo teosinte. Nyasi hiyo ina punje chache tu, kila moja imefungwa ndani ya ganda gumu kama jiwe. Vizazi kwa vizazi waliendelea kupanda zile zilizokuwa afadhali, mpaka likapatikana hindi lenye punje zilizojipanga wazi kwenye gunzi. Matokeo yake ni zao lisiloweza kuishi bila binadamu. Hindi likianguka lenyewe shambani, punje zake huota zikiwa zimebanana na nyingi hufa. Lazima awepo mtu wa kulivuna, kulipukuchua na kulipanda upya.

Wakulima hao hawakupanda mahindi peke yake. Waliyachanganya na maharage na maboga katika shamba moja, ambalo huko huitwa milpa. Bua la mahindi hubeba maharage yanayotambaa, maharage huipa ardhi naitrojeni, majani ya maboga hufunika udongo usikauke. Msomaji aliyewahi kutembelea mashamba ya tambarare chini ya Kilimanjaro haoni jipya hapo, kwa kuwa hata kwetu mahindi na maharage hukaa shamba moja, na mboga ya maboga huchumwa humohumo.

Lakini kazi kubwa zaidi waliifanya jikoni, na hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu. Zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, watu wa Meksiko na Guatemala waligundua kwamba mahindi makavu yakichemshwa pamoja na chokaa, au majivu, kisha yakaachwa humo usiku kucha, asubuhi ganda la punje hutoka kwa kuoshwa tu. Mahindi hayo yaliyooshwa husagwa yangali mabichi kwenye jiwe, na kinachopatikana ni donge laini linaloshikana vizuri. Ndilo linalotandazwa likawa tortilla. Ukijaribu kutandaza hivyo ugali wetu au unga mkavu wa mashine uliotiwa maji, mkate utapasuka pembeni na kukatika ukiukunja. Kinachofanya donge lishikane ni chokaa.

Isitoshe, chokaa ilifanya jambo jingine ambalo wapishi hao hawakuweza kuliona kwa macho. Ndani ya mahindi imo vitamini inayoitwa niasini, lakini imefungwa kiasi kwamba tumbo la binadamu haliipati ila kidogo sana. Chokaa huifungua. Chokaa hiyohiyo huongeza kalsiamu, ambayo hujenga mifupa. Mama wa Kimeksiko aliyekuwa akiloweka mahindi jioni hakujua lolote kuhusu vitamini. Alijua kwamba mama yake alifanya hivyo, na kwamba mkate hautoki vizuri bila hivyo. Lakini afya ya taifa zima ilikuwa ndani ya chungu hicho.

Hernán Cortés na askari wake wa Kihispania waliingia Meksiko mwaka 1519, na mwaka 1521 mji mkuu wa Tenochtitlan ukaanguka. Mtawa mmoja wa Kifransisko, Bernardino de Sahagún, aliyefika huko mwaka 1529, alikaa na wasomi wa Kinahua kwa miaka mingi akiandika habari za maisha yao. Katika maandishi hayo wamo wauzaji wa sokoni na mikate yao ya mahindi, ya aina nyingi, pamoja na michuzi ya pilipili. Kitu chenyewe, basi, ni cha kale sana. Jina ndilo jipya.

Neno taco kwa Kihispania lina maana ya kizibo au kitu kilichoshindiliwa kwenye tundu. Mwanahistoria Jeffrey Pilcher, aliyetoa kitabu juu ya chakula hiki mwaka 2012, anaona kwamba huenda jina lilianzia katika migodi ya fedha ya Meksiko katika karne ya 18. Wachimbaji walikuwa wakifunga baruti kwa karatasi na kushindilia kifurushi hicho kwenye mwamba ili kuupasua. Kifurushi hicho kiliitwa taco. Mkate uliokunjwa na kujazwa pilipili kali unafanana nacho, na msomaji apendaye pilipili ataelewa kwa nini wachimbaji walifananisha na baruti. Pilcher anaonyesha pia kwamba jina hilo kwa maana ya chakula linaonekana katika maandishi mwishoni mwa karne ya 19 tu, na kwamba mojawapo ya aina za mwanzo zilizotajwa iliitwa taco ya mchimbaji. Kilikuwa chakula cha vibarua, cha kuliwa umesimama.

Kisha wakaja wahamiaji kutoka Lebanoni, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Walikuja na shawarma, ile nyama inayozunguka kwenye chuma kilichosimama mbele ya moto. Katika miaka ya 1930, mji wa Puebla ulikuwa tayari na taco ya Kiarabu. Baadaye Wameksiko wakaondoa kondoo wakatia nguruwe, wakapaka pilipili nyekundu, wakaongeza nanasi, na mkate wa ngano wakaubadili kwa ule wa mahindi. Leo ukimwuliza kijana wa Mexico City akutajie chakula cha kwao hasa, hatakosa kukutajia hicho. Shawarma anayoilalamikia mzee wetu ni ndugu wa chakula anachokitaka mjukuu.

Majirani zetu wa Uganda nao wana habari kama hiyo. Wandegeya, karibu na Chuo Kikuu cha Makerere, wauza chapati waliviringishia mayai ya kukaanga, nyanya na kabichi ndani ya chapati, na wanafunzi wasio na muda wala fedha wakakipenda. Wakakiita Rolex, kama saa ya Uswisi, ingawa maana yake ni mayai yaliyoviringishwa. Chapati ilikuja Afrika Mashariki na Wahindi, nyanya ilitoka Amerika, na kabichi ilitoka Ulaya. Hata hivyo, hakuna Mganda atakayekubali kuambiwa kwamba Rolex si ya Uganda. Na mimi simlaumu.

Turudi sasa kwenye ugali. Mahindi yalivuka bahari ya Atlantiki baada ya safari za Columbus, zilizoanza mwaka 1492, na Wareno wakayasambaza katika vituo vyao vya Afrika katika karne ya 16 na ya 17. Kwetu yaliingilia pwani. Wazee wetu hawakuambiwa yametoka wapi. Waliona tu kwamba yameletwa na jahazi au merikebu, na upande ule bidhaa nyingi zilitoka Bara Hindi. Basi wakayaita mahindi, kama kusema nafaka ya Kihindi. Tusicheke. Waitaliano nao waliyaita nafaka ya Kituruki, na jina hilo wanalo hadi leo. Kila mtu alimsingizia jirani yake wa mashariki.

Ugali ulikuwapo kabla ya mahindi. Ulisongwa kwa unga wa mtama, wa uwele au wa ulezi, na baadaye wa muhogo, ambao pia ni mgeni kutoka Amerika ya Kusini. Na hapa mlimani, Uchagani, ugali haukuwa mfalme wa chakula kabisa. Mfalme alikuwa ndizi. Kulikuwa na mtori, machalari na kiburu. Ulezi ulipandwa, lakini sehemu yake kubwa ilikwenda kwenye mbege. Ndizi nayo, nisije nikamficha mzee, asili yake ni Asia ya Kusini Mashariki, ingawa imekaa Afrika muda mrefu kuliko mahindi.

Mahindi yalipanda mlima kwa njia ya misafara kabla ya ukoloni, na yalikaa zaidi kule chini tambarare, wakati kihamba cha juu kilibaki cha migomba. Kilichoyapa nguvu ni kazi ya kuajiriwa. Yalipokuja mashamba makubwa ya wazungu, reli, magereza na shule za bweni, mwajiri alihitaji chakula kinachokaa ghalani miezi mingi, kinachopimika kwa kibaba na kinachopikwa kwenye sufuria moja kwa watu 100. Ndizi haina sifa hizo. Unga wa mahindi unazo zote. Mgawo huo wa kibarua uliitwa posho, na ndiyo maana Waganda hadi leo ugali wanauita posho. Sisi tumelichukua neno hilohilo na kulipeleka kwenye semina, lakini mwanzo wake ni kibaba cha unga.

Hata weupe wa unga si desturi ya mababu. Meksiko ina mahindi ya njano, mekundu, meusi na ya buluu. Mwanzoni mwa karne ya 20, walowezi wa Kenya na wa kusini mwa Afrika walikuwa wakiuza mahindi Uingereza kwa viwanda vya wanga, na soko hilo lilitaka mahindi meupe yasiyochanganywa. Mbegu nyeupe ikasambazwa. Baada ya vizazi viwili vitatu, tukaanza kuamini kwamba unga halali ni mweupe tu. Wenye umri wangu wanakumbuka miaka ya 1970 na 1980, njaa ilipolazimisha nchi kuagiza chakula, tukaletewa mahindi ya njano. Watu wakauita unga wa Yanga kwa sababu ya rangi ya jezi, na wengi waliula kwa kununa, wakiwamo wanachama wa Yanga wenyewe. Ile njano waliyoinunia ndiyo yenye viini vya vitamini A.

Sitaki msomaji anielewe vibaya. Sisemi kwamba ugali si wetu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mahindi tulishayapa jembe zamani, yakalima, yakajenga, yakazaa watoto. Ni wenyeji. Shida ni nyingine: tulimpokea mgeni, lakini hatukumwuliza kwao alikuwa anaishi vipi. Wareno walibeba punje. Hawakubeba chungu cha chokaa, wala mama wa Kimeksiko wa kuonyesha namna ya kukitumia.

Gharama ya kusahau huko ilionekana kwanza Ulaya. Mwaka 1735 daktari wa Kihispania, Gaspar Casal, aliona katika jimbo la Asturias ugonjwa wa maskini wanaoishi kwa mahindi. Ngozi iliyopigwa na jua ilibabuka na kuwa kama magamba, tumbo likaharisha, na mwishowe akili ikavurugika. Waitaliano waliupa jina la pellagra, yaani ngozi iliyokwaruza. Kusini mwa Marekani, kati ya mwaka 1906 na 1940, watu wanaokadiriwa kufika milioni 3 waliugua na wapatao 100,000 walikufa. Madaktari wengi walidhani ni maambukizo. Daktari Joseph Goldberger, aliyeanza kuuchunguza mwaka 1914, ndiye aliyesisitiza kwamba ni chakula duni. Mwaka 1937, Conrad Elvehjem alithibitisha kwamba kinachokosekana ni ile niasini. Muda wote huo, Wameksiko maskini waliokula mahindi kila siku hawakuandamwa hivyo na ugonjwa huo. Wao walikuwa na chokaa na maharage.

Msomaji asidhani hayo ni ya Wazungu. Mwaka 1990 katika kambi za wakimbizi wa Msumbiji huko Malawi, zaidi ya watu 18,000 walipata pellagra. Mgawo wao ulikuwa unga wa mahindi, na kitu kilichokuwa kikiwaokoa ni karanga. Karanga zilipokatika, ugonjwa ukaingia. Watu hao walikuwa na ugali wa kutosha kujaza tumbo, lakini kilichowafikisha hospitali ni kwamba ugali ulibaki peke yake.

Hapa ndipo ninapowapa heshima mama zetu wa Kilimanjaro na Upare. Hawakuletewa chokaa, lakini walikuwa na magadi, yaliyouzwa katika masoko ya mlimani tangu zamani. Waliyatia kwenye kiburu, na wengi waliyatia kwenye makande ili punje na maharage viive upesi. Magadi na chokaa ni jamaa, kwani vyote hulainisha ganda la punje. Lakini si kitu kimoja. Magadi hayaongezi kalsiamu, na yakizidi huharibu vitamini nyingine, hasa ya kundi la B. Basi ni dawa ya kipimo kidogo.

Na makande yenyewe? Mahindi yana upungufu wa vijenzi fulani vya protini, na maharage yanavyo hivyo kwa wingi. Kile ambacho maharage yana kidogo, mahindi yanacho. Vikipikwa pamoja, hukamilishana. Hilo ndilo shamba la milpa ndani ya sufuria ya Kipare. Kwa maneno mengine, chakula chetu kinachokaribiana zaidi na taco si chapati iliyoviringishwa. Ni makande, ambayo watoto wa mjini huyaona kuwa chakula cha bweni na cha vibarua. Nawakumbusha kwamba taco nayo ilikuwa ya vibarua.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Tembea asubuhi katika mitaa yetu uangalie mtoto mdogo analishwa nini. Mara nyingi ni uji mweupe wa sembe na sukari. Sembe ni mahindi yaliyokobolewa. Ganda limeondoka, kiini kimeondoka, na pamoja navyo sehemu kubwa ya vitamini, madini na mafuta. Meksiko ilitia chokaa ili kuongeza. Sisi, badala yake, tumenunua mashine ya kupunguza, na zile pumba zenye lishe tunampa ng'ombe na kuku. Ng'ombe ananawiri. Mtoto anashiba, lakini hakui.

Wapo watakaonijibu kwamba dona huharibika upesi, na ni kweli, kwa sababu ya mafuta ya kile kiini. Wapo watakaotaja sumukuvu, na hoja yao ni nzito. Mwaka 2004 sumu hiyo ya ukungu iliua watu 125 mashariki mwa Kenya waliokula mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu, na mwaka 2016 iliua watu hapa kwetu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu hiyo hukaa zaidi sehemu za nje za punje na kwenye kiini, kwa hiyo kukoboa huipunguza. Lakini dawa yake ya kwanza ni kukausha mahindi vizuri, kuyaanika juu ya turubai badala ya udongo, kuchambua yaliyooza, na kuyaweka mahali pakavu. Mahindi mabovu hayawi mazuri kwa kuwa meupe.

Kwa hiyo ushauri wangu ni wa aina tatu, na hakuna ulio wa gharama kubwa. Kwanza, mahindi yasiachwe peke yake mezani. Yafuatane na maharage, karanga, dagaa au mboga za majani, hasa kwa watoto na mama wajawazito. Pili, pale mahindi yanapokuwa makavu na safi, tusage dona kidogo kidogo, ya wiki moja, badala ya debe la kukaa mwezi. Tatu, wataalamu wetu wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wa Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoanzishwa mwaka 1973, watuletee elimu ya chokaa hadi mashineni. Nasisitiza kwamba ni chokaa safi ya chakula, iliyopimwa. Asije mtu akachukua ile ya kupaka ukuta akasema amesikia redioni.

Meksiko yenyewe imeonja uchungu wa kuchezea zao lake. Mkataba wa biashara huria na Marekani na Kanada ulipoanza mwaka 1994, mahindi ya Marekani yaliingia kwa wingi na wakulima wadogo wakaumia. Januari 2007 bei ya tortilla ilipopanda, maelfu ya watu waliandamana katika mji mkuu. Mwaka 2010 upishi wa jadi wa Meksiko uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Mwaka 2025 nchi hiyo ilibadilisha katiba yake kukataza kupanda mahindi yaliyobadilishwa vinasaba. Mtu anaweza kukubaliana nao au asikubaliane nao katika hilo. Lakini hao ni watu wanaoujua uzito wa mahindi yao kiasi cha kuyaandika kwenye katiba.

Namalizia na mzee wetu. Mzee wangu, shikamoo. Mjukuu hajaacha asili. Mpikie. Kwa kuwa unga wetu hauna chokaa, tumia chapati badala ya tortilla. Chemsha maharage mpaka yalainike, yapondeponde, yatie kwenye chapati, weka kachumbari yenye pilipili na vipande vya parachichi, kamulia ndimu, kunja. Wakati anakula, msimulie habari za migomba ya kihambani kwenu na za unga wa Yanga, na umwambie mahindi yalitoka wapi. Halafu siku ya pili mpikie makande, umwambie kwamba ni ndugu yake chakula kile alichokiona kwenye simu.

Hiyo methali ya asili naipokea. Lakini asili ya kuhofia kuipoteza haimo katika umbo la chakula, kwa maana umbo limebadilika mara nyingi na litabadilika tena. Imo katika ujuzi wa yule mama anayejua kitu gani kisipikwe bila kitu gani. Ujuzi huo ulipotea mara moja, baharini, kati ya Meksiko na Afrika, na watu walilipa kwa afya zao. Usipotee mara ya pili kati ya mashine ya kukoboa na jiko letu.

Hadi wiki ijayo, nawatakia mlo mwema.